Kabla Hujamwandikisha Mtoto Chekechea

Kila Desemba inapoelekea ukingoni, mabango hujaa kwenye nguzo za umeme kuanzia Chuda hadi Mikanjuni, hapa Tanga. "Nafasi zipo." "Tunapokea watoto kuanzia miaka miwili." "Usafiri upo." Simu nazo huanza kuita. Mdogo wangu anauliza kama mwanawe wa miaka miwili na nusu ameshachelewa. Jirani kaambiwa kazini kwamba mtoto asiyepita chekechea hapokelewi darasa la kwanza. Bibi wa mtoto anashangaa: "Hata kunawa hajajua, mnampeleka kwa nani?" Baba yeye anauliza ada.

Nimefundisha darasa la awali hapa Tanga mjini kwa miaka kadhaa, na umama nimeuanza kabla ya ualimu. Maswali haya nimeyasikia mlangoni kwangu, sokoni Mgandini, hata msibani. Naona yote yamefungwa kwenye fundo moja, na fundo lenyewe limeanzia kwenye majina.

Wazee wetu walisema shule ya vidudu. Wengine wanasema chekechea, wengine nasari, wengine dekea, na siku hizi tunasikia awali, bebi klasi na kadhalika. Mtu anayataja yote akidhani ni kitu kimoja. Ukiyachambua unapata vitu viwili vinavyotambulika kiserikali, na cha tatu kilichosimama katikati yao.

Cha kwanza ni kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, ambacho mtaani tunakiita dekea. Kazi yake ni malezi: mtoto anakula, anacheza, analala, anabadilishwa nguo, mzazi akiwa kazini. Vituo hivi vinatajwa katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na viko chini ya ustawi wa jamii, katika Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Cha pili ni darasa la awali. Hilo ni la Wizara ya Elimu, lina mtaala wake, na ni la mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Shule za msingi za serikali zinatakiwa kuwa nalo, na ada hakuna tangu elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa Januari 2016.

Cha tatu ndicho kinachotuchanganya. Chekechea au nasari ni jina la mtaani, na humo ndani kuna kila kitu. Kuna zilizosajiliwa kama vituo vya malezi, kuna zilizosajiliwa kama shule, na kuna nyumba ya mtu iliyopakwa rangi ya njano na kuchorwa katuni ukutani, ambayo hakuna ofisi yoyote inayoijua. Zote zina bango. Kwa hiyo mwenye kituo akikwambia "tumesajiliwa", muulize wapi, na uombe kuona cheti. Cheti cha malezi hutoka ustawi wa jamii, cha shule hutoka elimu. Ukiwa na shaka, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri iko wazi, na kumuuliza afisa hakuna malipo.

Tumeyatenganisha hivi kwa sababu kila kimoja kinajibu shida tofauti. Dekea inajibu swali la nani atakaa na mtoto mimi nikiwa kazini. Awali inajibu swali la mtoto ataizoeaje shule. Mzazi ambaye hajajua shida yake ni ipi ataishia kulipia kitu asichokihitaji. Kama nyumbani yupo bibi mwenye nguvu na mtoto ana miaka miwili na nusu, huna shida ya kwanza, na ya pili haijafika.

Tumalizane hapa hapa na ule uvumi wa darasa la kwanza. Kinachotarajiwa kabla ya darasa la kwanza ni ule mwaka wa awali. Miaka miwili mitatu ya chekechea kabla ya hapo hakuna anayekudai. Zipo shule binafsi zinazomfanyia usaili mtoto wa miaka mitano, hayo ni yao. Mwanao hatafungiwa mlango wa shule ya serikali kwa kuwa hakuvaa joho la mahafali ya chekechea.

HODI

Waswahili hatuingii nyumba ya mtu kimya kimya. Unasimama mlangoni, unapiga hodi, unasubiri karibu. Usipoitikiwa unarudia, na ikifika mara ya tatu kimya, unaondoka zako.

Mtoto mdogo kazi yake kubwa kutwa nzima ni kupiga hodi. Analia, hodi hiyo. Ananyoosha kidole kumwonyesha kunguru juu ya mwembe, hodi. Anakuletea kizibo cha soda alichookota kana kwamba ni dhahabu, hodi. Mtu mzima akigeuka akasema, "Ee, kunguru huyo, unadhani anatafuta nini?" amemkaribisha. Wataalamu wa makuzi wanaliita jambo hili malezi yenye mwitikio. Ni moja ya nguzo tano za malezi ambazo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walizitoa mwaka 2018, na sisi Tanzania tukazijengea Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa miaka sifuri hadi minane. Nguzo nyingine ni afya bora, lishe ya kutosha, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama.

Kwa nini kuitikiwa kuwe na uzito sawa na chakula? Ubongo wa mtoto katika miaka ya mwanzo hujenga miunganisho kwa wingi sana, halafu hubakiza ile inayotumika. Ni kama njia ya miguu kwenye majani. Ikipitwa kila siku hubaki nyeupe, ikiachwa mvua mbili tatu majani huifunika. Kila hodi ikiitikiwa, njia imepitwa: ya lugha, ya kumwamini mtu, ya kutulia baada ya kulia.

Sasa chukua hesabu ndogo. Mwalimu mmoja, watoto thelathini, saa nne. Hizo ni dakika 240. Hata kama mwalimu hapiki uji, hasafishi, hapokei simu wala hapumui, kila mtoto anapata dakika nane. Wakiwa kumi, kila mmoja anapata ishirini na nne. Kwa darasa la awali kiwango cha serikali ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, na hao ni wa miaka mitano, wanaojivua viatu wenyewe. Wa miaka miwili wanahitaji mikono mingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kituo chochote ni hili: mtoto wangu akipiga hodi hapa, nani atasema karibu?

BEGI MGONGONI

Haya sikuyasoma chuoni kwanza. Niliyajua kwa uchungu.

Binti yangu alipotimiza miaka miwili na nusu nilipata kazi ya ofisini. Mama yangu alikuwa Pongwe, mimi nimepanga mjini, na msichana niliyekuwa naye nyumbani alikuwa ameondoka. Kituo nilichokipata kilikuwa kizuri machoni: vigae, bembea za rangi, sare ya kupendeza. Wiki ya kwanza alilia mpaka sauti ikakauka. Wakaniambia atazoea. Wiki ya tatu akaacha kulia, nami nikafurahi, nikampigia mama simu kumwambia mjukuu wake sasa kawa mkubwa.

Ila chakula kilikuwa kinarudi kama kilivyokwenda. Akaanza kukojoa kitandani, jambo alilokwisha kuliacha. Na Jumapili tulipokwenda Pongwe hakumkimbilia bibi yake kama ilivyokuwa desturi. Alisimama pale aliposhushwa kwenye bajaji, akangoja.

Siku moja homa ilinibana ofisini, nikaomba ruhusa, nikapita kumchukua saa tano asubuhi. Nilimkuta kwenye benchi karibu na mlango, begi mgongoni. Begi lilelile nililomvisha saa moja kasoro, lenye chupa ya maji na nguo za kubadili. Nilipomvua, mikanda ilikuwa imemwachia mistari miwili myekundu mabegani. Nikamuuliza binti wa pale, mbona hajavuliwa? Akanijibu kwa upole kabisa, kama mtu anayenisifia mwanangu: "Huyu hasumbui."

Maneno hayo mawili sijayasahau. Kumbe mwanangu alikuwa amepiga hodi wiki mbili, hakuna aliyeitika, akaacha. Nilichokiita kuzoea kilikuwa kukata tamaa. Binti yule simlaumu sana. Alikuwa peke yake na watoto ambao sikuweza kuwahesabu, na hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba mtoto aliyenyamaza naye ana haja.

Nilimpeleka Pongwe kwa bibi yake mwaka mzima. Nilikuwa namwona mwisho wa wiki, na iliniuma. Huko alijifunza kuchambua mchele, kuhesabu mayai, kuwapa kuku majina, kumwamkia kila apitaye, na kusimulia hadithi mpaka mwisho bila kuruka. Alipofika miaka minne tukajaribu mahali pengine, chumba kimoja cha bati nyuma ya Makorora, hakuna bembea. Mwalimu alichuchumaa akawa sawa na uso wake, akamuuliza nyumbani wanamwitaje, akamvua begi, akamwonyesha msumari ukutani uliochorwa chungwa juu yake. "Huu msumari wako. Hakuna mwingine anayetundika hapa." Kesho yake asubuhi, kabla hata ya chai, binti yangu aliniuliza kama chungwa lake bado lipo.

UMRI, NA HOFU YA KUTENGANA

Mtoto wa miezi minane hivi huanza kuwaogopa wageni, na kuanzia hapo kuachwa humtia hofu. Hofu hiyo huwa kali zaidi kati ya miezi kumi na mwaka na nusu, kisha hupungua taratibu, na wengi wakifika miaka mitatu wanaelewa kwamba mama akiondoka atarudi. Huku si kudeka. Anajua mama yupo mahali, ila hajui bado kama atarudi wala lini. Kwa hiyo mwenye kichanga cha mwaka mmoja akilazimika kukiacha, asitafute "shule". Atafute mtu mmoja, yule yule kila siku, mwenye watoto wachache mikononi.

Kati ya miaka miwili na mitatu mtoto anapenda kuwa karibu na wenziwe, ila mara nyingi anacheza kando yao, kila mmoja na kopo lake. Saa mbili tatu za kuchangamana zinamtosha. Akifika mitatu na nusu au minne, anaweza kusema anachotaka, kwenda chooni kwa kusaidiwa kidogo, na kungoja zamu yake. Hapo chekechea nzuri inaanza kumpa kitu ambacho nyumbani hakipatikani kwa urahisi, hasa kama nyumbani yuko peke yake na televisheni.

Ninaposema nyumbani simaanishi chumba chenye mtoto na runinga. Mtoto anayeshinda na bibi anayemsemesha, au kwenye uwanja wenye watoto wa shangazi na kuku na mti wa kupanda, hajaachwa nyuma na mtu. Yule anayefungiwa ndani na msichana wa kazi wa miaka kumi na sita, naye akiwa kwenye simu, huyo chekechea ya wastani inaweza kumfaa kuliko alipo. Linganisha kituo na nyumba yako ilivyo kweli, usilinganishe na nyumba unayotamani ingekuwa.

Watu hunitajia utafiti wa nje kwamba chekechea huongeza akili. Upo utafiti mashuhuri ulioanza mwaka 1962 katika mji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan, Marekani, kwa watoto 123 wa familia maskini. Waliopata chekechea walifuatiliwa hadi utu uzima, na walikuwa wamefanya vizuri kuliko wenzao katika shule na maisha. Kinachosahaulika ni chekechea ile ilikuwaje: mwalimu aliyesomea, watoto kama sita tu kwa kila mwalimu, na mwalimu huyo kwenda nyumbani kwa mtoto kila wiki kuzungumza na mama. Utafiti mwingine wa huko Marekani, ulioanza mwaka 1991 na kufuatilia watoto zaidi ya 1,300 tangu kuzaliwa, ulikuta kwamba malezi bora ya kituo yanasaidia lugha na uelewa kiasi, saa nyingi mno kituoni zinaendana na utundu kidogo zaidi, na nyumba anayotoka mtoto ina nguvu kuliko kituo chenyewe. Hakuna hata mmoja uliosema jengo lolote lenye bango linatosha.

PENSELI, KIINGEREZA NA USINGIZI

Mzazi anamleta mtoto wa miaka mitatu Januari, Machi ananiuliza mbona hajui kuandika jina. Namuuliza kama amewahi kumwona mtu akisuka mkeka. Hauanzi kwa kushona. Ukindu unachanwa, unatiwa rangi, unasukwa ukili mrefu, ndipo ukili unashonwa kuwa mkeka. Aliyeshona kabla ya kusuka hana mkeka. Kiganja cha mtoto wa miaka mitatu bado hakijakomaa mifupa wala misuli. Kufinyanga udongo, kukamua kitambaa, kuchambua maharage, kufunga na kufungua vifungo, huko ndiko kuandika kwa umri wake. Kusimulia kilichotokea jana ndiko kusoma. Kituo kinachojisifu kwamba watoto wa miaka mitatu wanajaza madaftari manne kimeruka ukili, na mara nyingi daftari lenyewe limejazwa na mkono wa mwalimu juu ya mkono wa mtoto.

Kiingereza nacho. Watoto wa Tanga hawajawahi kuogopa lugha. Nyumbani Kidigo, Kibondei au Kisambaa, mtaani Kiswahili, chuoni, yaani madrasa, herufi za Kiarabu, na vyote vinakaa kichwa kimoja. Kuimba na kuhesabu kwa Kiingereza hakumdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni kukatazwa Kiswahili akiwa na miaka mitatu, maana hapo amenyang'anywa hodi yake pekee. Anataka kusema tumbo linamuuma na hana neno linaloruhusiwa. Nimeona mtoto akijikojolea kwa kukosa sentensi ya Kiingereza ya kuombea ruhusa, na mwalimu mwenyewe alikuwa akiitafuta sentensi hiyo.

Na kwa kuwa nimetaja chuo: wengi wetu tunawapeleka watoto chuoni, na ni vizuri, lakini tuzihesabu saa zao. Chekechea asubuhi, chuo alasiri, tuisheni jioni, yote juu ya kiumbe cha miaka minne. Wenzetu wa Mombasa, katika miaka ya 1980, walilitazama jambo hili vizuri. Waislamu wa Pwani kwa msaada wa Aga Khan Foundation walianzisha chekechea zilizounganisha dini na mchezo chini ya paa moja, na mpango huo baadaye ukafika Zanzibar na Uganda. Mtoto alipata vyote viwili bila kubebeshwa siku mbili ndani ya siku moja.

Usingizi ndio unaosahaulika kuliko vyote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Gari la shule likimpitia saa kumi na moja alfajiri ili lizunguke Sahare, Mwanzange, Duga na kwingineko, naye jana alilala saa nne usiku akimngoja baba, amelala kwa muda wa saa saba tu. Kisha tunasema mtoto mkorofi. Kituo cha kawaida kilicho mwendo wa miguu kutoka kwako kinaweza kumfaa mwanao kuliko kizuri kilicho mwisho wa mji.

Kuhusu bweni sitasema mengi. Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alisimamisha bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, nami naliunga mkono kwa moyo wote.

NENDA UKAONE

Usiende siku ya kuandikisha, siku hiyo kila mtu anatabasamu. Nenda siku ya kazi, kama saa nne, wakati wa uji. Kaa nusu saa. Kituo kinachomkatalia mzazi nusu saa ya kukaa pembeni kimeshajibu.

Sikiliza kabla ya kutazama. Darasa la watoto wadogo wenye raha lina mvumo kama wa nyuki. Ukisikia kimya, ukachungulia ukaona wote wameketi kidole mdomoni, jiulize kimya hicho kimepatikana kwa nini. Angalia kama kuna fimbo juu ya mlango.

Kisha ngoja uji umwagike, maana utamwagika. Nimekaa kwenye kituo kimoja Ngamiani nikaona mtoto amepindua kikombe chote. Alimtazama mwalimu kwanza, kabla ya kuutazama uji. Mwalimu akasema, "Umemwagika. Kitambaa kiko wapi?" Mtoto akakimbia kukileta, wakafuta pamoja, akamiminiwa mwingine. Haikuchukua dakika mbili. Jicho la yule mtoto lilipomwendea mwalimu halikuwa na woga, na hapo nikajua nilichokuwa nataka kukijua. Kituo kingine, jambo lilelile, mtoto alijikunja akafunika kichwa kwa mikono kabla mtu hajasema neno.

Mengine yatazame upesi ila usiyaache. Choo kina mlango unaofungika kwa ndani hata mtoto akakwama? Maji ya kunawa yapo leo, au ndoo imekauka? Kisima kimefunikwa? Lango linafungwa na nani? Chumba kina dari, au ni bati tupu? Joto la kaskazi hapa kwetu Januari hadi Machi unalijua, na bado nakuta watoto wamevalishwa sweta kwa sababu sare ya shule fulani ya nyanda za baridi ina sweta. Wameomba kadi ya kliniki kuona kama chanjo zimekamilika, pamoja na ile ya surua na rubella ya miezi 9 na ya miezi 18? Kituo kinachoiomba kinawajali na wengine. Na ulizia ni nani anaruhusiwa kumchukua mtoto. Jibu likiwa "yeyote mnayemtuma, hata bodaboda", andika majina yako mwenyewe uyakabidhi kwa maandishi, na uwaeleze kwamba nje ya hayo hatoki mtu.

Muulize mwalimu amekaa hapo muda gani. Kituo kinachobadilisha walimu kila miezi mitatu kinawataka watoto waanze upya kumwamini mtu kila miezi mitatu. Ada ulizia yote kwa mkupuo: usafiri, sare, chakula, mahafali. Ada kubwa hununua vigae na gari, na mara nyingine mwalimu anayelipwa vizuri. Ulizia ni kipi kati ya hivyo unachokilipia.

WIKI ZA MWANZO

Wakulima wa michungwa wa Muheza hawang'oi mche kitaluni jua la saa saba wakaupachika shambani ukiwa mizizi mitupu. Huuhamisha jua likishapoa, na udongo wake ukiwa umeshikana na mizizi. Mtoto naye ahamishwe hivyo. Siku ya kwanza kaa naye saa moja, muondoke pamoja. Siku ya pili mwache nusu saa. Ongeza taratibu, hata ikichukua wiki mbili. Mpe udongo wake: kipande cha kanga yako kinachonukia nyumbani, kikombe chake. Unapoondoka muage, umwambie utarudi baada ya uji au baada ya kulala, kwa maana saa haijui. Usimtoroke. Ukimtoroka mara moja, kesho hataruhusu hata uende chooni.

Kulia mlangoni ni kawaida. Anayelia akakuacha uende, akanyamazishwa na mtu, akacheza, jioni akakurukia, huyo anaendelea vizuri. Mafua ya mara kwa mara miezi ya mwanzo nayo yanatarajiwa, watoto wakikutana huambukizana. Wa kukutia wasiwasi ni yule anayerudi nyuma: alikuwa haachi kuongea sasa kanyamaza, aliacha kukojoa kitandani sasa karudia, anashtuka akiguswa, anakataa mtu mmoja kwa jina, ana alama asizoweza kuzieleza. Jioni usimuulize "leo umesoma nini?" Muulize alikaa karibu na nani, nani alilia, na alipolia mwalimu alifanya nini. Majibu ya maswali hayo huja yenyewe, mara nyingi akiwa anaoga. Ukiona dalili hizo kwa zaidi ya wiki tatu nne, mtoe. Ada iliyolipwa haitarudi, lakini usimwache hapo kwa ajili yake.

Najua wapo watakaosoma haya wakasema mwalimu, mimi sina uchaguzi. Anayeamka saa tisa usiku kwenda kungoja samaki waingie pale Deep Sea, au anayeuza mboga Mlango wa Chuma tangu alfajiri, hana nusu saa ya kukaa na kutazama uji ukimwagika. Kituo ni hicho kimoja kilicho karibu, na watoto wamejaa. Kwako wewe naomba haya tu. Mfahamu kwa jina yule mtu mmoja anayempokea mwanao, umwamkie kila siku, umfanye ndugu. Na siku ya kwanza, kabla hujaondoka, mwambie jina analoitwa mtoto nyumbani, na neno analotumia akitaka kwenda haja. Halafu mvue begi mwenyewe.